Ernesti Nantenda na Bwawa la Kusafisha

Ndugu yetu Ernesti Hashim Nantenda, tuliyekuja kumlaza leo hapa Kwedihowe, hakuwa mvivu. Familia imeona ianze na hilo kabla ya tarehe na mahali, kwa sababu wapo wageni kutoka Korogwe na Makuyuni ambao tangu jana wanawasikia watu wa hapa wakimtaja kwa jina la Mzee Mvivu, tena wengine wakilitaja huku wanalia, na wageni wamebaki wanatazamana. Jina hilo lilitokana na kazi yake na litaelezwa likifika zamu yake. Kwa sasa itoshe kusema kwamba mtu aliyeamka alfajiri siku zote za maisha yake, akachimba kwa mkono wake mtaro wa hatua mia moja na arobaini, hawezi kuitwa mvivu ila kwa mapenzi.

Ernesti alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge karibu na Makuyuni, wilaya ya Korogwe. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Hashim Nantenda, mkata mkonge aliyekuja kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, na marehemu mama Josefina. Baba alikuwa Mwislamu, mama alikuwa Mkatoliki, na mtoto wa kwanza, Asnath, alipewa jina na jirani Msabato aliyemsaidia mama kujifungua. Kwa hiyo nyumba ilikuwa moja, dini tatu, na sikukuu zote ziliheshimiwa na zililiwa. Ernesti alibatizwa, lakini kila mwezi wa Ramadhani alifuturu na baba yake, ingawa mchana alikuwa amekula vizuri tu.

Palikuwa na mtaro pale kambini. Ulitoka kwenye korona, ile mashine kubwa ya kuchakata majani ya mkonge, na maji yake yalikuwa machafu, ya kijani kibichi, yananuka hadi mtu anabadilisha njia. Mtaro ulishuka ukaingia kwenye bonde lenye matete mengi, ukapotelea humo. Ernesti alipokuwa na umri wa miaka minane alipotea kutwa nzima. Mama akamtuma Asnath amtafute. Alimkuta ng'ambo ya pili ya yale matete, amechuchumaa kwenye kijito chembamba, maji yanang'aa na vyura wanaruka.

"Unafanya nini huku?"

"Naangalia."

"Unaangalia nini, wewe?"

"Dada, maji yanaingia mabaya kule, yanalala humu ndani, halafu yanatoka mazuri. Hakuna mtu anayeyafanya kitu."

Dada yake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alimpiga kofi la mgongo akamburuta hadi nyumbani. Miaka arobaini na saba imepita. Dada huyo anaomba radhi mbele yenu wote, kwa sababu mambo mengi yatakayofuata yalianza siku ile kwenye yale matete.

Alisoma shule ya msingi Makuyuni kuanzia mwaka 1957, kisha shule ya kati Korogwe hadi darasa la nane, mwaka 1964. Walimu wake walisema ni mtoto mwenye akili ila hana haraka. Katika hesabu alikuwa akimaliza wa mwisho na akipata zote. Aliyekuwa akikaa naye dawati moja alipata tabu sana, maana kunakili kwa Ernesti kulihitaji subira.

Mwaka 1965 aliajiriwa shambani hapo hapo, kuangalia pampu za maji. Mwaka 1971 akachukuliwa na idara ya maji wilayani Korogwe, na mwaka 1974 akapelekwa mafunzo ya miezi tisa ya ufundi na upimaji wa maji. Alirudi na cheti, na begi la chupa ndogo za kupimia, na kitabu kimoja ambacho alikisoma mpaka jalada likatoka. Kwa miaka kumi na minane alipita vijiji vya Korogwe na Handeni akifungua pampu, akifunga pampu, akipima visima. Popote alipokwenda alipewa chai, naye alitazama kwanza maji yaliyoichemsha. Wenye nyumba wengine walikasirika, ila baadaye walimzoea.

Hadi anatimiza miaka arobaini na mbili Ernesti alikuwa hajaoa. Familia ilijaribu. Mabinti wazuri waliletwa kusalimia, mmoja hata mwalimu. Ernesti alikuwa akiwaeleza habari za mabomba. Mama alifariki mwaka 1987 akiwa ameshika tama juu ya jambo hilo, na dada yake naye alikuwa amekwisha kata tamaa kabisa.

Ndipo tunafika Kwedihowe. Wenyeji mnajua, lakini wageni hawajui. Baada ya serikali kulegeza masharti ya madini, watu wa kila aina walimiminika Handeni kutafuta dhahabu, na mwaka 1990 wakafika hapa, kwenye kilima kilicho nyuma yetu. Palikuwa na handaki la zamani ambalo hata wazee hawakujua lilichimbwa na nani. Wakalirefusha. Mwaka mmoja na nusu hivi walichimba, dhahabu ikawa ya kunusa tu, wakafunga mizigo yao wakaenda kwingine. Waliacha handaki wazi, na kutoka ndani yake yakaanza kuchuruzika maji mekundu, yenye ladha ya msumari, yakashuka hadi kwenye kijito. Kijito hicho ndicho kilichokuwa kikinywesha ng'ombe wa mzee Lesiamon na ndugu zake, na mchangani mwake ndimo akina mama wa Kizigua walimokuwa wakifukua vishimo vya maji ya nyumbani.

Ndama wakaanza kudhoofika. Ernesti akatumwa na idara aje apime. Alijaza chupa zake, zikapelekwa Dar es Salaam, na majibu yakachukua miezi saba. Ndani ya miezi hiyo ikaja ile barua ambayo wengi wa rika lake waliipata: kazini wamekuwa wengi, serikali inapunguza watumishi. Mwezi Julai 1992 Ernesti hakuwa mfanyakazi tena. Wiki mbili baadaye majibu yakafika ofisini, na kwa kuwa hakuna aliyejua yapelekwe wapi, rafiki wa ofisini akampa yeye.

Alipoyasoma hakulala vizuri usiku ule. Maji ya kilimani yalikuwa na chuma kingi, na risasi, na aseniki, na kiasi cha urani, ambayo ni madini yanayotoa miale isiyoonekana wala kusikika. Mtu akiyanywa maji ya namna hiyo kidogo kidogo kwa miaka, figo zake na mifupa yake huliwa kimyakimya. Ernesti hakuwa na ofisi, hakuwa na gari, wala hakuwa na mtu wa kumtuma. Alipanda basi hadi Mkata, akashuka na karatasi yake mfukoni, akatembea hadi hapa. Alimkuta mwenyekiti wa kitongoji, ndugu Hiza, ambaye tunamwona pale mbele, akamsomea majibu yote.

"Sasa tufanyeje?" Hiza akauliza. "Utatuletea mtambo?"

"Mtambo siwezi. Lakini tunaweza kuyalaza."

"Kulaza nini?"

"Maji."

Hiza mwenyewe amekiri wiki hii kwamba siku ile alimwona mgeni wake hayuko sawa kichwani, akampa uji ili atulie.

Mpango wa Ernesti ulikuwa huu. Maji yatoke handakini yapite kwanza kwenye mtaro uliojazwa mawe ya chokaa, yapungue ule ukali wake. Kisha yaingie bwawani, na chini ya bwawa pawe na tabaka nene la samadi kuukuu iliyochanganywa na makapi ya mkonge. Humo yapenye polepole sana, mahali pasipo hewa, na vijidudu vya kwenye samadi vifanye kazi yao: chuma, risasi, aseniki na urani vinase kwenye tope jeusi vibaki huko huko. Mwisho yapite kwenye matete, yatoke kijitoni. Hakuna pampu, hakuna dizeli, hakuna dawa ya kununua. Yale aliyoyaona bondeni kambini akiwa mtoto, ndiyo aliyoyapanga tena kwa hatua na vipimo.

Mawe ya chokaa yaliletwa na dereva mmoja mwema ambaye lori lake lilikuwa likirudi tupu kutoka Tanga. Makapi ya mkonge aliyapata Makuyuni kwa watu waliomjua baba yake. Ikabaki samadi. Na samadi nyingi kuliko zote Kwedihowe ilikuwa kwenye maboma ya zamani ya mzee Lesiamon, imelala miaka na miaka, inafika kiunoni.

Akaenda. Akaamkia, akaketi, akanywa maziwa, akaeleza shida yake. Mzee Lesiamon akamjibu hivi.

"Kijana, wanaume wanakuja hapa kwangu kuomba ng'ombe. Wengine wanakuja kuiba ng'ombe. Wewe peke yako umekuja kuomba mavi."

"Ndiyo, mzee."

"Yote?"

"Yote, mzee. Na kama kuna punda wa kubebea, nitashukuru."

Hapo mtu akacheka nyuma ya nyumba hadi akaangusha kibuyu. Aliyecheka ni Nashilu, binti wa mzee Lesiamon, ambaye mume wake wa kwanza alifariki kabla hawajapata mtoto na alikuwa amerudi kwa baba yake. Ndiye aliyewaswaga punda. Kwa wiki tano alipanda na kushuka na Ernesti akimuuliza maswali, na Ernesti akamweleza habari za mabomba, na habari za matete, na habari za vijidudu. Ajabu ni kwamba Nashilu alizipenda. Siku moja akamwambia, "Kumbe unajenga zizi. Sumu inaingia, haitoki." Ernesti alisema baadaye kwamba katika miaka ishirini na mmoja ya utumishi hakuna bosi aliyewahi kumwelewa namna ile.

Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1994, kanisani Mkata, baada ya Nashilu kubatizwa na baada ya Ernesti kupeleka ng'ombe wote waliotakiwa, akisaidiwa na ukoo mzima wa Makuyuni. Mzee Lesiamon alitoa hotuba fupi sana harusini. Alisema, "Nilimpa mavi, akarudi kuchukua na binti." Mungu aliwajalia watoto wawili: Lengai, aliyezaliwa mwaka 1995, na Josefina, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1998. Asnath alicheza kwenye harusi ile mpaka kiatu kikakatika, na hajutii.

Sasa lile jina. Bwawa lilikamilika Machi 1993. Watu walikuja kutazama, wakaingoja mashine ingurume.

"Mashine iko wapi?"

"Hii hapa."

"Mbona imekaa tu?"

"Ndiyo kazi yake, kukaa."

Vicheko havikuisha siku hiyo. Bwawa likaitwa Bwawa la Mvivu, na mwenyewe akawa Mvivu, baadaye Mzee Mvivu, maana hata yeye alikuwa akikaa pale ukingoni kutwa akiangalia. Hakukasirika hata chembe. Alikataza watu wasinywe mpaka vipimo viseme. Vipimo vya mwaka 1995 vikasema maji yamepona kwa sehemu kubwa. Vya mwaka 1997 vikasema yamefika kiwango cha kunywewa. Ndama wa mzee Lesiamon walikuwa wanene, na akina mama walirudi kwenye vishimo vyao vya mchangani. Ernesti aliibandika ile karatasi ukutani mahali ambapo wengine hubandika picha ya harusi.

Na kwa furaha hiyo akatengeneza kibao. Hapo ndipo lilipo kosa lake kubwa, na yeye mwenyewe aliagiza lisifichwe kwenye wasifu wake. Alichukua mfuniko wa sanduku, akauandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa za kusomeka kwa mbali. Alikusudia kuandika BWAWA LA KUSAFISHA MAJI. Ubao ukaisha kabla ya neno la mwisho. Akaona haina neno, maji si kila mtu anayaona yapo pale? Akaugongelea mtini ulivyo: BWAWA LA KUSAFISHA.

Mwishoni mwa Mei 1998 yeye na Nashilu walikwenda Korogwe kwa ajili ya kujifungua. Mwaka ule mvua zilikuwa zimezidi, kipindupindu kilikuwa kikitajwa kila mahali, na maofisa wa afya walipita vijijini wakihimiza usafi. Hiza ni kiongozi mchapakazi, kila mtu anajua. Alipita pale bwawani, akaona tope jeusi linanuka kama mayai yaliyooza, akaona matete yamesongamana, akainua macho akasoma kibao. Nguo za kufua zinafuliwa. Vyombo vya kuosha vinaoshwa. Bwawa la kusafisha, basi, linafanywaje?

Jumamosi ya tarehe 6 Juni, Hiza akapiga mbiu ya msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji kizima. Hakuna aliyebaki nyumbani, maana Mzee Mvivu alipendwa na watu walitaka akute zawadi. Walifungulia maji pembeni, wakafyeka matete, wakayachoma, wakachota tope lote la miaka mitano hadi wakafika kwenye udongo mgumu. Walipomaliza wakafagia. Jamani, walifagia bwawa! Na kwa kuwa tope lile lilikuwa linafanana na mbolea nzuri, akina mama wakaligawana, wakalipeleka kwenye bustani zao sita za mboga pale kijitoni, wakapanda mchicha.

Ernesti na Nashilu walirudi wiki moja baadaye, Jumamosi ya tarehe 13, na mtoto wa siku kumi na moja. Hiza aliwapokea njiani, uso unang'aa.

"Mzee! Njoo kwanza uone tulivyokufanyia."

Ernesti akaona. Chini ya bwawa palikuwa peupe kama sahani, na juu yake maji yanapita mbio, mekundu, yakielekea kijitoni. Akakaa chini palepale.

"Hiza. Tope liko wapi?"

"Bustanini! Mchicha umeota tayari, hujapata kuona."

"Nani kawaambia mlisafishe?"

"Lo, mzee! Si umeandika mwenyewe?"

Ernesti akageuka, akasoma kibao chake kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Akaanza kucheka. Alicheka peke yake hadi machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea na kicheko kikaisha, na Hiza akajua kwamba pana jambo.

Alasiri ile watu wote waliitwa. Ernesti akawaeleza kwamba tope lile ndilo lililokuwa likisafisha, na kwamba sumu yote ya miaka mitano imo humo. Likikaa bwawani, chini ya maji, limeishikilia. Likianikwa juani linaiachia, na mchicha unaivuta. Watu wakanung'unika. Mmoja akasema juzi lilikuwa dawa, leo limekuwa sumu, keshokutwa litakuwa nini? Ernesti akasema, "Tope ni askari aliyemshika mwizi. Mmemtoa askari kituoni mkamleta sokoni, na mwizi kaja naye." Walicheka, lakini hakuna aliyekwenda kuchukua jembe. Mchicha ulikuwa umependeza mno. Wiki mbili tu ungekuwa sufuriani, kwenye kila nyumba, kwa kila mtoto, na Ernesti hakuwa na cheo wala askari wa kuuzuia. Aliomba bustani hii, akaomba bustani ile, akarudi nyumbani jioni mikono mitupu. Dada yake aliyekuja kumwona mtoto alimkuta amekaa kitandani na viatu miguuni. Ernesti alisema neno moja tu: "Nimewalisha kwa mkono wangu."

Kwa desturi ya kwao Nashilu, mzazi wa siku chache vile akishaingia nyumbani kwake hatoki nje. Kesho yake Nashilu alitoka. Alijifunga shuka, akambeba mtoto, akapita katikati ya watu hadi bustani ya mama Mhina, mke wa Hiza, ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote na ndiyo wenzake walikuwa wakiitazama. Hakumwamkia kwa maneno mengi. Alimpa mtoto amshike.

"Huyu ni mjukuu wako, mama Mhina. Nitamlea hapa hapa. Akianza kula, uji wake utakuwa na mboga za bustani yako. Nakuuliza wewe uliyezaa watoto sita: nimpe, au nisimpe?"

Mama Mhina alimtazama mtoto. Kisha akamrudisha kwa mama yake polepole, akainama, akang'oa shina la kwanza.

Baada ya hapo hakuna aliyebishana. Walifukua siku tisa, na punda wa mzee Lesiamon wakapanda na kushuka tena. Hiza alifanya kazi kuliko wote na hakusema neno siku tatu nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea tena. Tope lote na udongo wa juu wa bustani zote sita vilipelekwa mgongoni mwa kilima, mbali na maji, vikafukiwa kwenye shimo lililosakafiwa kwa udongo wa mfinyanzi, likafunikwa kwa mawe na saruji. Mzee Lesiamon alitoa samadi nyingine bila kuulizwa, akisema tu kwamba safari hii hana binti mwingine. Kwa mwaka mmoja na nusu akina mama walichota maji kwa punda kutoka mbali, na hakuna aliyelalamika mbele ya Ernesti. Vipimo vya mwaka 2000 vikaja safi. Karatasi hiyo nayo iko ukutani, chini ya ile ya kwanza.

Hiza alitengeneza kibao kipya mwenyewe, kwa ubao mrefu kupita kiasi, na kipo hadi leo: BWAWA LINASAFISHA LENYEWE. LIACHENI LILALE. Na ndipo ulipoanza msaragambo wa Kwedihowe ambao watu wa vijiji vingine wanatucheka kwa ajili yake. Kila Jumamosi ya kwanza ya Juni watu wote huitwa kwa mbiu. Wanakagua uzio na mtaro, kisha wanaketi ukingoni kutwa nzima bila kufanya kitu. Majina yanaitwa. Asiyekuja kukaa anatozwa kuku. Wanakula, wanazungumza, watoto wanalala majanini. Ernesti alikuwa akisema hajapata kuona kazi ya kijiji inayofanywa kwa moyo mmoja namna hiyo.

Mwaka 2002 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu. Januari mwaka huu alipata kiharusi kilichomwacha na mkono wa kushoto usio na nguvu. Alitibiwa Korogwe, akarudi nyumbani Februari kwa kuomba mwenyewe. Familia inawashukuru wauguzi, na majirani wa imani zote waliomwombea, kila mmoja kwa namna yake. Hakuteseka sana. Tarehe 7 Juni alibebwa pamoja na kitanda chake akawekwa ukingoni mwa bwawa, jina lake likaitwa la kwanza kwenye orodha, akaitika, "Nipo, nimekaa."

Jambo moja tu lilimkosesha raha. Samadi nayo huchoka. Aliandika kwenye daftari la Lengai, kwa mkono wa kulia, kwamba mwaka 2013 tabaka libadilishwe, na namna ya kulitoa, na mahali pa kulizika. Lakini miaka kumi ni mingi, na alijua watu wanapompenda mtu aliyefariki hutaka kumfanyia jambo. Aliwaogopa watu hao. Jumatatu iliyopita, tarehe 8 Septemba, akaagiza Hiza aitwe. Mke wake na dada yake walikuwepo, na mazungumzo yalikuwa hivi.

"Hiza, mimi nikiondoka, wewe utafanya nini?"

Hiza akafikiri, machozi yanamlengalenga.

"Sitafanya kitu, mzee."

"Hata kibao changu cha ukumbusho?"

"Hata hicho."

"Hata likinuka?"

"Linuke tu. Sitafanya kitu kabisa."

Ernesti akacheka kile kicheko chake cha kifuani. Akamshika mkono, akafumba macho. Alifariki Jumanne ya tarehe 9 Septemba 2003, asubuhi, Nashilu akiwa pembeni yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Ameacha mjane, Nashilu. Watoto wawili, Lengai na Josefina, ambaye sasa ana miaka mitano na jana alikula sahani mbili za mchicha. Dada yake, Asnath, na watoto wa dada watano. Baba mkwe, mzee Lesiamon, ambaye ameomba isemwe kwamba mkwe huyu hakuwa na deni kwake. Ukoo wa Nantenda wa Makuyuni. Na watu wote wa Kwedihowe. Ameacha pia maji, na mnaweza kuyasikia kutoka hapo mlipokaa.

Ernesti, wasifu hauniruhusu nikuite mdogo wangu, lakini dada yako anakuita hivyo. Ulisema mabaya yakilala chini yakaachwa, mazuri yanatoka yenyewe. Tunakulaza karibu na bwawa lako. Lala sasa. Hiza ameahidi, na sisi wote tumeahidi naye: hatutagusa kitu.